Moyo kushindwa kwa mgonjwa mzee: maswali ya wauguzi yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wauguzi wa wodini, wanaotembelea wagonjwa nyumbani, na wanafunzi wanaojiandaa kuingia zamu. Ndugu wanaomuuguza mzee nyumbani nao watapata cha kwao, hasa kwenye maswali ya uzito, chumvi na dawa. Viwango vilivyotajwa ni vile vinavyotumika kwa kawaida. Agizo lililoandikwa kwenye faili la mgonjwa wako ndilo linalotawala.

Daktari ameandika "moyo kushindwa". Ina maana moyo umesimama?

Hapana. Moyo unapiga, ila hausukumi damu inayotosha mahitaji ya mwili, au unaitosheleza kwa kubeba presha kubwa mno ndani ya vyumba vyake. Presha hiyo hurudi nyuma. Ikirudi kwenye mapafu, mgonjwa anabanwa pumzi; ikirudi kwenye mishipa ya mwili, miguu inavimba, ini linajaa, na mtu anashiba kwa vijiko viwili vya chakula. Mbele nako, figo, misuli na ubongo vinapata damu pungufu. Karibu kila dalili utakayoikuta inatokana na kimojawapo: kujaa nyuma au kupungukiwa mbele. Wengine wana vyote viwili, na hao ndio wa kuwahi.

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hupima ni asilimia ngapi ya damu iliyo kwenye chumba cha chini cha kushoto inayotoka kwa kila pigo. Ikiwa 40% au chini, moyo umelegea. Kati ya 41 na 49 umepungua kiasi. Ikiwa 50% na zaidi, unasukuma vizuri lakini umekakamaa, haulegei vya kutosha kupokea damu. Aina hii ya mwisho imejaa kwa wazee, hasa akina mama walioishi na presha ya juu kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "eko yake nzuri, 55%, moyo hauna shida" huku mgonjwa anahema, usikubali mjadala uishie hapo.

Kwa nini kwa mzee unachelewa kugundulika?

Kwa sababu mzee hupunguza shughuli kabla hajalalamika. Aliyekuwa akipanda ngazi anaacha kupanda. Aliyekuwa akienda ibadani kwa miguu anaanza kusali nyumbani. Ukimuuliza "unabanwa pumzi?" atajibu hapana, na hasemi uongo: haendi tena mahali pa kumbana. Swali lenye faida ni ameacha kufanya nini.

"Mama, kuoga siku hizi unaoga mwenyewe?"
"Naoga."
"Umesimama au umekaa?"
"Nakaa kwenye kiti. Nikisimama nachoka."
"Tangu lini?"
"Tangu mwezi uliopita."

Maswali matatu, na umepata kile ambacho "unajisikiaje?" isingekupa. Uliza hivyohivyo kuhusu kuvaa viatu (kuinama kunawabana wengi), kutandika kitanda na idadi ya mito. Aliyekuwa akilalia mto mmoja akahamia mitatu ameshakueleza hali ya mapafu yake. Anayelala kitini ameeleza zaidi. Uliza pia kama huwa anaamka usiku wa manane akihangaikia hewa mpaka akae ukingoni mwa kitanda au afungue dirisha.

Kuna dalili nyingine ambazo kwa kijana usingezihusisha na moyo: kuchanganyikiwa ghafla, kususa chakula, kuanguka, kikohozi cha usiku, kukosa usingizi, kukojoa kitandani kwa mtu ambaye hakuwa na tatizo hilo. Familia itasema "ni uzee tu". Uzee haumpati mtu kati ya Jumanne na Ijumaa. Badiliko la siku chache lina sababu, litafutiwe.

Upande wa pili, si kila mguu uliovimba ni moyo. Amlodipini, dawa ya presha, huvimbisha miguu, kadhalika mishipa iliyochoka, kukaa kitini kutwa, figo, na protini kushuka. Upungufu wa damu na ugonjwa wa mapafu nao hubana pumzi, na mzee mmoja anaweza kuwa navyo vyote.

Nimempokea mgonjwa. Nianze na nini?

Na macho, kabla ya mashine. Mwangalie anavyotoka mlangoni hadi kitandani. Je, anamaliza sentensi au anakata katikati avute hewa? Anakubali kulala au anang'ang'ania kukaa? Rangi ya midomo, jasho la baridi, mikono. Shika mikono na miguu yake: vidole vya baridi, pamoja na presha ambayo namba zake mbili zimekaribiana (tuseme 92 kwa 76), vinaonyesha moyo hausukumi vya kutosha. Mgonjwa huyo daktari amuone sasa hivi, wala usisubiri mzunguko wa asubuhi.

Kisha namba. Pumzi zihesabu dakika nzima, bila kumwambia unahesabu. Nafahamu namba ishirini inavyopenda kujaa kwenye chati za wodi zenye wagonjwa wengi. Kwa mgonjwa huyu, kupanda kutoka 18 hadi 24 kunaweza kuwa onyo la kwanza kabla ya kitu kingine chochote kubadilika. Mapigo nayo yasikilize kwa stetoskopu kifuani, dakika nzima. Wazee wengi wenye moyo kushindwa wana mapigo yasiyo na mpangilio, na baadhi ya mapigo hayafiki mkononi. Ukihesabu mkononi sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne utaandika 76 wakati moyo unakwenda 110.

Presha ipime akiwa amelala dakika tano, kisha akisimama baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, andika, na usimwache aende chooni peke yake. Kipimo cha oksijeni hudanganya kwenye kidole baridi au chenye rangi ya kucha. Pasha kidole moto au hamia sikioni kwa kifaa cha sikio.

Shingoni, mlaze kichwa kikiwa kimeinuka nyuzi 45 na uangalie mshipa wa upande wa kulia. Kilele cha mpwito kikizidi sentimita 3 wima juu ya pembe ya mfupa wa kifua, presha ya upande wa kulia wa moyo imepanda. Inahitaji mazoezi na mwanga wa pembeni, lakini ni alama ya kuaminika kuliko miguu. Mapafu yasikilize mgongoni, kuanzia chini: milio ya kupasukapasuka inayobaki hata akikohoa. Isipokuwepo haimaanishi mapafu makavu, hasa kwa mtu aliyeishi na ugonjwa kwa muda mrefu.

Vilivyobaki havina stetoskopu: anakumbuka siku ya leo? Ngozi ya kisigino na ya juu ya makalio ikoje? Anaishi na nani, na dawa anapewa na nani? Omba mfuko wote wa dawa, pamoja na za mitishamba na za kununua bila cheti. Hiyo mifuko huwa na majibu.

Uvimbe naupimaje kwa mgonjwa asiyetoka kitandani?

Maji hufuata mteremko. Kwa anayekaa au kutembea yatakuwa vifundoni na kwenye muundi. Kwa anayelala kutwa yatahamia kiunoni nyuma, juu ya makalio, na ndani ya mapaja. Mgeuze ubavu, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa kwa sekunde tano au zaidi, uachie, kisha pitisha kidole juu yake. Mara nyingi shimo utalihisi kabla ya kuliona. Kwa mizani ya kawaida, shimo la milimita 2 ni +1, milimita 4 ni +2, 6 ni +3, na 8 ni +4. Kwa kuwa vidole vyetu havilingani, andika pia uvimbe umefika wapi: kifundoni, katikati ya muundi, gotini, pajani. Muuguzi wa zamu ijayo atalinganisha hilo kwa urahisi zaidi kuliko idadi ya alama za kujumlisha.

Nimeona wagonjwa wakiandikwa "uvimbe umeisha" kwa sababu tu wamelazwa siku tatu. Maji yalikuwa yamehamia nyuma, hayakutoka.

Uzito wa kila siku una umuhimu gani hivyo?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu haongezeki kilo mbili za nyama kwa siku tatu. Hayo ni maji, na huanza kujikusanya siku kadhaa kabla pumzi haijabana. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya kurekebisha dozi mgonjwa akiwa bado nyumbani kwake.

Kipimo kina masharti yake: asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, nguo za uzito uleule, mizani ileile juu ya sakafu ngumu. Nyumbani aandike kwenye daftari, asitegemee kumbukumbu. Ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 linatosha kupiga simu, hata kama anajisikia vizuri. Kilo moja na nusu kwa usiku mmoja pia.

Kuna mtego mmoja kwa wazee. Moyo kushindwa kwa muda mrefu hula misuli. Mgonjwa anaweza kupoteza kilo tatu za mwili na kujaza kilo tatu za maji, na mizani ikasoma 61 miezi yote. Daftari linaonekana zuri, huku mabega yamechongoka, mashavu yameingia na tumbo limejaa. Kwa hiyo "uzito mkavu", yaani uzito wake bila maji ya ziada, unaolenga kumfikisha lazima ukaguliwe upya kila baada ya muda. Ule wa mwaka jana haumfai tena. Kwa asiyeweza kusimama kwenye mizani, tumia mizani ya kiti au ya kitanda kama ipo, na kama haipo fuata kiwango cha uvimbe na mzingo wa kifundo cha mguu ukipimwa mahali palepale palipowekwa alama ya kalamu.

Ni vipimo gani vya damu nivifuatilie mwenyewe bila kungoja kuulizwa?

Potasiamu, sodiamu, kreatinini (taka inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) na wingi wa damu. Potasiamu huvutwa pande mbili: dawa za kukojoza huishusha, spironolaktoni (inayozuia potasiamu isitoke) na dawa za presha na moyo za kundi la enalaprili huipandisha, na figo la mzee halina akiba ya kusawazisha. Matokeo ya potasiamu ya 5.5 na zaidi yafike kwa daktari kabla ya dozi inayofuata, 6.0 ni dharura. Kreatinini ikipanda kidogo baada ya kuanza enalaprili au lisinoprili, hilo linategemewa na peke yake halitoshi kusimamisha dawa.

Kipimo cha BNP au NT-proBNP, kemikali ambazo moyo uliolemewa humwaga kwenye damu, husaidia hasa kikiwa chini: kwa aliyekuja na dharura ya pumzi, BNP chini ya 100 au NT-proBNP chini ya 300 hufanya moyo usiwe mshukiwa mkuu. Kikiwa juu kina maelezo mengi, kwani umri, figo na mapigo yasiyo na mpangilio navyo hukipandisha, na unene hukishusha.

Furosemaidi (dawa ya kukojoza): niitoe saa ngapi, na nitajuaje imefanya kazi?

Ya kidonge huanza ndani ya saa moja na kuisha nguvu baada ya saa sita hivi. Ya mshipani huanza ndani ya dakika tano. Toa ya kwanza asubuhi, na kama kuna ya pili iwe mapema alasiri. Dozi ya saa mbili usiku inamtoa mzee kitandani mara nne gizani, na hapo ndipo nyonga huvunjikia. Kabla ya kuitoa hakikisha choo kiko karibu: kiti cha kujisaidia pembeni ya kitanda, kengele mkononi, viatu visivyoteleza, njia isiyo na waya. Ukimpa dawa ya kukojoza halafu ukamwacha mbali na choo, tegemea aanguke au alowe, na kesho atakataa dawa. Atakuwa na haki.

Ya mshipani isukumwe polepole, isizidi miligramu 4 kwa dakika kwa dozi kubwa, maana ikikimbizwa huweza kudhuru masikio.

Baada ya dozi ya mshipani kwa mgonjwa aliyejaa maji, tunategemea mkojo wa mililita 100 hadi 150 kwa saa katika saa sita za mwanzo. Ukiwa pungufu usiandike tu na kuondoka. Mwambie daktari mapema, kwani dozi inaweza kuongezwa siku hiyohiyo. Mpira wa mkojo usiwekwe kwa ajili ya kupima tu ikiwa mgonjwa anaweza kutumia chombo: huleta maambukizi na humchanganya mzee anayejaribu kuuvuta usiku. Pima nepi au shuka lililolowa kwa mizani, ukitoa uzito wa kavu. Gramu moja ni mililita moja.

Dalili kwamba maji yametolewa kupita kiasi: kizunguzungu akisimama, mdomo mkavu, mkojo kidogo na mweusi, kreatinini inapanda, usingizi wa ajabu. Siku za kutapika na kuhara, dozi ileile iliyomfaa jana yaweza kumwangusha.

Dawa zipi nisitoe kabla ya kupima, na nikikuta nini nisimame?

Bisoprololi, karvedilolo na metoprololi, dawa zinazopunguza kasi ya moyo: mapigo na presha kwanza. Mapigo chini ya 50, au kizunguzungu na kuzimia, simama na umpigie daktari. Karvedilolo itolewe na chakula ili presha isishuke ghafla. Usizikatishe zote kwa mpigo mmoja bila agizo. Moyo unaweza kuruka.

Enalaprili na wenzake: presha, potasiamu, kikohozi kikavu. Midomo au ulimi ukivimba ni dharura na dawa hiyo hairudiwi tena. Akihamishiwa sakubitrili-valsartani, dawa nyingine ya moyo kushindwa, lazima saa 36 zipite tangu dozi ya mwisho ya enalaprili au lisinoprili. Zikikutana, hatari ya uvimbe huo wa koo hupanda.

Hapa niseme jambo moja linalonikera. Mgonjwa ana presha ya 98, anaongea, anatembea, hana kizunguzungu, mkojo unatoka. Zamu tatu mfululizo zinaandika "dawa haikutolewa, presha iko chini", na baada ya wiki amerudi amejaa maji. Kwa wagonjwa hawa presha ya chini isiyo na dalili mara nyingi ndiyo hali yao. Uliza kiwango cha kusimamia kiandikwe wazi kwenye chati ya dawa, ili pasiwe na kubahatisha saa kumi na mbili asubuhi.

Digoksini, nayo hupunguza kasi ya moyo: mapigo ya kifuani dakika nzima, chini ya 60, shikilia na uulize. Kwa mzee mwenye figo dhaifu sumu yake huja kimyakimya, tena hata dozi ikiwa ileile. Kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, kuona vitu vya manjano au vyenye duara la mwanga. Potasiamu ikiwa chini, hatari ni kubwa zaidi.

Dapagliflozini na empagliflozini, dawa za kisukari zinazotumika pia kwa moyo, hutoa sukari kwenye mkojo hata kwa asiye na kisukari, kwa hiyo kijiti cha mkojo kikisoma sukari usishtuke. Angalia fangasi sehemu za siri. Wazee huona aibu kusema, waulize wewe. Asipokula, akitapika au akiandaliwa upasuaji, mwulize daktari kuhusu kuisimamisha kwa muda.

Oksijeni apewe kila mmoja anayehema?

Hapana. Apewe ikiwa kipimo kiko chini ya 90%. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaobakiza hewa chafu (kaboni dioksidi) mwilini, lenga 88 hadi 92. Kwa anayehema huku anasoma 96%, kumkalisha wima, kumtuliza na kuelekeza feni usoni kutamfaa kuliko mpira wa puani.

Mkao kitandani?

Wima, nyuzi 45 hadi 60, mikono ikiegemezwa kwenye mito ili mabega yasibebe uzito. Akizidiwa na maji mapafuni, mkalishe miguu ikining'inia. Usiiinue, maana utaurudishia moyo damu usiyoimudu. Akishatulia, miguu inaweza kupumzishwa juu.

Tatizo la mkao huu ni kuteleza. Mgonjwa anashuka taratibu, ngozi ya makalio inavutwa, na ngozi iliyojaa maji huchubuka upesi na hupona kwa shida. Inua kidogo sehemu ya magoti kabla ya kuinua kichwa, acha visigino vielee hewani kwa mto chini ya mashavu ya miguu, mgeuze kwa ratiba, na kila unapomgeuza tazama. Usimburute kwenye shuka. Panga kazi zake kwa vipande: kuoga, kula, kubadilishwa shuka na kufanyiwa mazoezi visiangukie saa moja.

Maji anywe kiasi gani? Na chumvi?

Kubana maji kwa kila mgonjwa ni mazoea zaidi ya ulazima. Aliyetulia, anayekojoa vizuri, ambaye sodiamu yake iko sawa, mara nyingi anaweza kunywa kwa kiu yake bila kupitiliza. Aliyejaa sana au mwenye sodiamu ya chini ndiye huwekewa kiwango, mara nyingi lita 1.5 hadi 2 kwa siku, na humo huhesabiwa chai, uji, supu, na maji ya kumezea dawa. Akiwekewa, gawanya: jaza chupa yake asubuhi aone kilichobaki. Kiu ipunguzwe kwa kusukutua, kipande cha barafu, kupaka midomo.

Chumvi: wastani wa gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, ni lengo la watu wazima wote na kwa mgonjwa huyu lisizidi hapo. Kubana chini sana kwa mzee asiyekuwa na hamu kuna ubaya wake, kwani atasusa chakula na misuli itaendelea kuisha. Chumvi nyingi hujificha kwenye vyakula vya makopo, vya pakiti, nyama za kusindika na vidonge vya kuunga mboga. "Chumvi za badala" nyingi zina potasiamu. Mwenye spironolaktoni asiziguse bila kuuliza.

Dawa gani za dukani zinamharibia?

Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zao. Zinazuia chumvi isitoke, zinapunguza nguvu ya furosemaidi na kuumiza figo. Mzee mwenye magoti mabovu atazitumia asipokatazwa kwa jina, na kwa kumpa mbadala: parasetamoli ya kidonge, jeli ya kupaka kwa eneo dogo kwa ruhusa ya daktari. Vidonge vinavyochemka majini vina sodiamu nyingi. Dawa za mafua zenye kufungua pua hupandisha presha na mapigo.

Dripu na damu?

Kwa uangalifu mkubwa. Dripu "ya kumtia nguvu" haina nafasi hapa. Damu ikihitajika, chupa moja kwa wakati, polepole, pumzi na mapafu yakikaguliwa kila mara, na uliza kama furosemaidi itolewe katikati.

Usiku anaanza kuchanganyikiwa. Nimfanyeje?

Kwanza usimwite msumbufu. Kagua oksijeni, presha, mapigo, sukari, joto, kibofu kilichojaa, choo kigumu, maumivu, sodiamu, na dawa mpya. Moyo unaozidiwa hujitokeza hivi kwa wazee, na maambukizi pia. Mrudishie miwani na kifaa cha kusikia, washa taa ndogo, mwite kwa jina analolizoea, mwombe ndugu anayemfahamu akae naye. Kamba za kumfunga huongeza hofu na hupandisha mapigo ya moyo ambao tayari umechoka.

Apumzike au afanye mazoezi?

Akiwa amezidiwa, apumzike. Akitulia, kila siku ya kulala inampunguzia misuli. Akae kitini wakati wa kula, asimame mara kadhaa, atembee hatua zinazomruhusu bado kuongea. Akishindwa kumaliza sentensi, ama akapata maumivu ya kifua, asimame.

Namfundishaje mtu anayesahau?

Jambo moja kwa mara moja, na mfundishe mbele ya mtu atakayekuwa naye nyumbani. Kisha mwambie akuonyeshe: "Bibi, kesho asubuhi ukiamka utafanya nini kwanza kabla ya chai?" Akijibu "nitapima uzito", mizani iwepo na apande mbele yako. Kumwuliza "umeelewa?" hakuna maana, wazee wengi hujibu ndiyo kwa heshima yako. Dawa ziwekwe kwenye kisanduku cha siku saba. Maandishi yawe makubwa, namba ya simu juu kabisa.

Ni hali zipi za kukimbizwa hospitali mara moja?

Kuhema akiwa ametulia au kushindwa kulala chali kabisa, povu la waridi mdomoni, maumivu ya kifua, kuzimia, midomo ya bluu, kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla. Ukiwa naye: mkalishe wima, oksijeni ikiwa chini ya 90%, ita msaada, usimwache, tayarisha mshipa.

Anaruhusiwa kesho. Nihakikishe nini?

Uzito wa siku ya kutoka uandikwe kwenye karatasi yake, ndio utakaolinganishwa. Awe ametumia vidonge vya kukojoza, badala ya sindano, kwa muda wa kuonekana vinamtosha. Ametembea wodini na presha yake imepimwa akiwa amesimama. Orodha ya dawa ionyeshe zilizoongezwa, zilizobadilishwa na zilizosimamishwa, maana nyumbani kuna za zamani na bila hilo atakunywa zote. Miadi iwe ndani ya siku 7 hadi 14, na tarehe ya kupima potasiamu iwe imeandikwa. Simu ndani ya siku tatu huokoa mengi. Chanjo ya mafua na ya nimonia ziulizwe kabla hajaondoka.

Muangalie pia anayemuuguza. Mke wa miaka 78 asiyelala usiku hatamudu mpango wowote uliouandika kwa ufasaha.

Mzee amesema amechoka kurudi hospitali. Nimjibu nini?

Muulize amechoka na nini hasa. Wakati mwingine ni sindano, wakati mwingine ni kulala mbali na mkewe, wakati mwingine ni gharama ambayo wanawe hawamwambii. Kila moja ina jibu lake. Kama anamaanisha hataki tena matibabu yanayomchosha, mwandikie maneno yake kama alivyoyasema na umfikishie daktari, ili mazungumzo yafanyike akiwa na akili timamu, na mtu anayemwamini akiwepo.

Huduma ya kupunguza mateso huanza sambamba na dawa za moyo, haisubiri siku za mwisho. Mofini kwa dozi ndogo hupunguza hisia ya kukosa hewa pale dawa za moyo zimefika kikomo, na inakwenda pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Furosemaidi kwa kawaida huendelea hata nyingine zinapopunguzwa, kwa kuwa ndiyo inayompa pumzi. Zile za kinga ya miaka ijayo zinaweza kuondolewa moja moja.

Kama ana kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani, uliza mapema kama sehemu ya kushtua izimwe. Isipozimwa inaweza kumshtua mara kadhaa katika saa zake za mwisho, mbele ya familia. Kuzima sehemu hiyo hakuzimi uwezo wa kuongoza mapigo na hakumuui, na ndugu wanapaswa kuelezwa hivyo kabla ya siku yenyewe. Aliyeandikiwa afie nyumbani apewe pia namba ya kupigia usiku, kwani bila hiyo ndugu wataita gari la wagonjwa na atarudi kwenye kitanda alichosema hakitaki.